Dashibodi ya Sidekiq: swali moja kwa Redis

Mteja anapoomba ripoti, programu nzuri ya wavuti haimwachi akodolee macho kivinjari. Huiweka kazi kwenye foleni, humjibu papo hapo, na mchakato mwingine huifanya nyuma ya pazia. Shida huanza kazi inapokwama huko: tovuti inafunguka vizuri, kila mtu anaona mambo shwari, na ripoti haifiki.

Sidekiq, programu ya Ruby iliyotolewa na Mike Perham mwaka 2012, huja na ukurasa wa kufuatilia kazi hizo. Resque ya GitHub, programu nyingine ya foleni, ilikuwa na wake tangu 2009. Uzuri wa ukurasa wa Sidekiq ni kwamba hauna hifadhidata yake. Unasoma tu kilichomo tayari ndani ya Redis, ghala la data ambamo foleni hukaa.

Foleni yenyewe ni orodha. Kazi mpya huingia kushoto kwa amri ya LPUSH, na watendaji huzichukua kulia kwa BRPOP. Urefu hupatikana kwa LLEN, amri isiyolemewa hata orodha ikiwa na kazi milioni. Kazi iliyofeli huwekwa kando ikisubiri zamu nyingine. Kwa kawaida hurudiwa hadi mara 25 katika muda wa takriban wiki tatu, kisha hupelekwa kwenye kundi la zilizokufa.

Ila urefu wa foleni hudanganya. Kazi 5,000 za kufumba na kufumbua si tatizo. Kazi 12 zilizolala saa nzima ni balaa. Ndiyo maana nathamini zaidi safu ya ucheleweshaji. Sidekiq huchungulia kazi ya mwisho upande wa kulia, ambayo ndiyo kongwe, husoma enqueued_at, yaani wakati ilipoingia foleni, kisha huutoa katika saa ya sasa. Ni amri moja na hesabu moja ya kutoa, na jibu lake linamgusa mteja moja kwa moja. Ningeliweka ukurasa wa mbele, kwa tarakimu kubwa.

Kuna jambo wengi hulipuuza. Ndani ya Rails, mfumo wa Ruby wa kuunda programu za wavuti, ukurasa huu huwekwa kwa mstari mmoja wa mount, na mstari huo peke yake haumuulizi mtu nywila. Anayeufikia huona data ya kila kazi, pengine hata namba za simu za wateja, na anaweza kufuta foleni nzima kwa kitufe. Fungia njia hiyo kwa wasimamizi kabla ya kuipandisha kwenye seva.