Picha kwa kiungo, kura kwa kabambe

Taasisi ikitaka kurusha mkutano wake mubashara, utasikia watu wa kamati wakibishana: YouTube au Zoom? Swali hilo lingesubiri. Kwanza ijulikane mtu aliye upande wa pili wa kioo anatakiwa afanye nini: atazame tu, aulize, au apige kura. Kila kazi kati ya hizo ina mtambo wake, na anayezilundika zote kwenye mtambo mmoja hujuta siku ya mkutano.

Mfano mzuri ni mikutano mikuu ya kampuni zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2020. Korona ilikuwa imefunga kumbi, ilhali katiba za kampuni nyingi zilizungumzia mkutano wa watu kukutana ana kwa ana. Aprili 29 mwaka huo Mahakama Kuu ya Kenya ikaziruhusu kampuni hizo kukutana mtandaoni, mradi Mamlaka ya Masoko ya Mitaji iwe haina pingamizi. Ruhusa ikapatikana. Ikabaki kazi ya mafundi.

Chukua Safaricom, ambayo hisa zake ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi tano tano na kuwaletea wanahisa kwa mamia ya maelfu, wengi wao wenye vihisa vichache tu. Umati wa namna hiyo usingeingia kwenye chumba cha Zoom. YouTube ingeubeba bila jasho, lakini YouTube haimtofautishi mwanahisa na mpita njia, na maoni yanayoandikwa chini ya video hayahesabiki kuwa kura. Suluhisho lililoenea, Safaricom ikiwemo, lilikuwa kuitenga picha na kura. Picha ikapitia kiungo walichotumiwa waliojisajili. Usajili na kura vikapitia USSD, ile ile ya nyota na reli tunayoulizia salio.

Tuifuate kwa karibu. Mwanahisa anapiga msimbo uliotajwa kwenye tangazo la mkutano, anaingiza namba ya kitambulisho alichonunulia hisa au namba ya akaunti yake ya hisa ya CDS, anathibitishwa. Siku moja kabla ya mkutano anapata ujumbe wa kumkumbusha, na mwingine saa moja kabla. Mwenyekiti akifika kwenye maazimio, mwanahisa anachagua kwa kubonyeza namba: anaunga mkono, anapinga, au anajizuia. Hakuna bando linalotumika hapo, na kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, inatosha. Mtu anaweza kupiga kura bila kuona hata sura ya mwenyekiti.

Ujumbe wa USSD hauzidi herufi 182, kwa hiyo azimio lililojaza aya nzima kwenye tangazo linabaki mstari mmoja kwenye simu. Na kikao chake hakina subira: ukisitasita kinakatika, unaanza upya. Hayo yanavumilika. Shida yenyewe iko kwenye saa.

Video ya mubashara ya kuwafikia wengi hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na simu hulimbikiza vipande kadhaa kabla ya kuanza kuonyesha. Ndiyo maana mtazamaji huwa nyuma ya ukumbi kwa sekunde 15, 30, hata zaidi mtandao ukiwa mzito. Mwenyekiti akitamka "pigeni kura sasa" kisha akafunga baada ya nusu dakika, kuna watu ambao kwao bado hajatamka. Dawa yake ni ya bure: dirisha la kura liachwe wazi muda mrefu, ikiwezekana hadi mwisho wa mkutano. Zoom na ndugu zake huchelewa chini ya nusu sekunde kwa sababu hawalimbikizi hivyo, lakini kila anayeongezeka huongeza mzigo na gharama.

Mbio za mwanariadha Eliud Kipchoge kule Vienna, Oktoba 12, 2019, hazikuwa na tatizo hilo. Zilirushwa bure YouTube, na dunia ilitakiwa kutazama tu. Kuchelewa kwa sekunde 30 hakukumdhuru mtu, labda yule ambaye jirani yake mwenye runinga alipiga vigelegele kabla yake.

Kuna jambo ambalo waandaaji wengi hawalipigii hesabu: bando la mtazamaji. Video ya megabiti moja kwa sekunde hula takriban MB 450 kwa saa. Sauti peke yake, ya kilobiti 64, haifiki MB 30. Mkutano wa watu watano waliokaa nyuma ya meza, una nini cha kutazama? Wekeni na kiungo cha sauti.

Palipopwaya kwenye mikutano ile ya 2020, kwa maoni yangu, ni kwenye maswali. Utaratibu uliozoeleka ulikuwa mwanahisa aandike swali mapema, na majibu yawekwe kwenye tovuti ya kampuni kabla ya mkutano kuanza. Ni nadhifu, lakini ule usemi wa "Mwenyekiti, bado hujanijibu" hauna pa kupenya. Wakurugenzi walihitaji akidi na maazimio halali, wakavipata. Mwanahisa aliyekuja kumbana mtu kuhusu gawio alirudi na aya iliyoandikwa na mwanasheria. Ingewezekana kufungua chumba kidogo cha mazungumzo cha watu ishirini, wakaingia kwa zamu, sauti zao zikaunganishwa na matangazo makubwa. Redio hufanya hivyo kila asubuhi na wapiga simu wake.

SACCO ya wanachama mia mbili haihitaji mitambo yote hiyo. Zoom yenye kura za ndani inatosha, na mtu mmoja wa kukagua majina mlangoni. Kanisa linalowarushia ibada waumini walio Doha au Minnesota litumie Facebook, ambako watu wake wapo tayari. Ila SACCO isome masharti yake kabla ya kukodi kamera. Kenya ilirekebisha Sheria ya Kampuni mwaka 2021 ili itambue mikutano ya mtandaoni, lakini SACCO huendeshwa kwa sheria ya ushirika na masharti yake yenyewe. Mwanachama aliyeshindwa uchaguzi ndiye atakayekuwa wa kwanza kuyafungua ukurasa kwa ukurasa.