Teke la bunduki nyepesi

Mtu mwenye umbo dogo akiingia duka la bunduki Uingereza na kusema anataka kuanza kulenga sahani za udongo zinazorushwa hewani, mara nyingi huonyeshwa bunduki ya marisau ya geji 20: nyembamba, nyepesi, haichoshi mkono. Anaiinua mara mbili mbele ya kaunta, anaridhika, analipa. Kinachofuata wakufunzi wa vilabu vya kulenga shabaha wanakijua. Bega linavilia damu, na muda si mrefu mlenga shabaha anafumba macho kila anapogusa triga, maana mwili umeshajua kinachokuja. Kichwa kinainuka kutoka kwenye kitako, mtutu unasimama badala ya kuendelea kuifuata sahani, na sahani inakwenda zake nzima.

Aliyemshauri alikuwa na nia njema, lakini hesabu haikuwa upande wake. Marisau yakisukumwa mbele, bunduki husukumwa nyuma kwa kiasi hichohicho. Ikiwa nzito hurudi polepole, ikiwa nyepesi hurudi kwa kasi, na bega ndilo linaloisimamisha. Chukua risasi iliyozoeleka vilabuni, yenye gramu 28 za marisau yanayotoka kwa mwendo wa mita 400 hivi kwa sekunde. Ukijumlisha kizibo cha plastiki na gesi ya baruti, bunduki ya kilo 3.4 itapiga teke la jouli 29 hivi. Itie risasi hiyohiyo katika bunduki ya kilo 2.7 na teke linafika jouli 36. Mtetezi wa geji 20 atasema haki yake: bunduki yake hailishwi gramu 28, inalishwa 21. Sawa. Hapo teke lake ni kama jouli 22. Lakini risasi za gramu 21 zipo za geji 12 pia, na ukizitumia katika ile bunduki ya kilo 3.4 unabaki na jouli 17 au 18. Nzito bado inashinda.

Kwa hiyo jibu langu kwa anayeanza ni geji 12, bunduki nzito kadiri anavyoweza kuibeba na kuizungusha bila kuchoka, na risasi hafifu. Gramu 21 au 24 si risasi za watoto. Michezo ya Olimpiki yenyewe inatumia gramu 24, na hakuna anayeidharau.

Geji, kwa asiyeizoea, ni kipimo cha kale. Ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa katika goroli 12 zilizo sawa, goroli moja ndiyo upana wa mtutu wa geji 12, yaani milimita 18.5 hivi. Ukigawanya ratili hiyo mara 20 unapata goroli ndogo zaidi, na mtutu wa milimita 15.6. Ndiyo maana namba ikipanda mtutu unapungua. Ile inayoitwa 410 haimo katika utaratibu huu. Namba yake ni upana wa mtutu kwa sehemu za inchi. Wazazi huipenda kwa sababu ni ndogo na haina teke kubwa. Mimi ningemwachia mlenga shabaha aliyekomaa. Risasi ya nusu aunsi yenye marisau namba 8 ya Kimarekani ina vipande 200 na kidogo, wakati aunsi nzima ina kama 410. Anayejifunza anahitaji wingu pana la marisau limsamehe makosa. Mpe nusu yake, atakosa sahani ambazo angezivunja, na atadhani tatizo ni macho yake.

Kuna hatari moja ya geji inayostahili kutajwa kwa urefu, kwa sababu inaua. Risasi ya geji 20 ikiingizwa katika bunduki ya geji 12, haibaki pale nyuma inapopaswa kukaa. Inateleza na kukwama mbele kidogo ndani ya mtutu, ambako haionekani. Mtu anavuta triga, hakuna kinacholia, anafungua, anaona tundu tupu, anatia risasi ya geji 12 na kuvuta tena. Mtutu unapasuka karibu na mkono wa mbele. Hiyo ndiyo sababu maganda ya geji 20 hutengenezwa ya rangi ya njano, na ndiyo sababu familia yenye bunduki za geji zote mbili haipaswi kubeba risasi zake katika mfuko mmoja.

Baada ya geji kuna aina ya bunduki. Marekani wengi wameanza na bunduki ya pampu, hasa Remington 870 iliyotoka mwaka 1950: bei yake nafuu, haiharibiki ovyo. Kwa sahani mbili zinazorushwa pamoja, hata hivyo, mkono wa mbele lazima uivute na kuirudisha kati ya mlio wa kwanza na wa pili, na anayeanza husahau. Nusu-otomatiki ya gesi, kama Remington 1100 ya mwaka 1963, ina jambo la maana: sehemu ya gesi hupita kwenye matundu madogo ya mtutu na kusukuma pistoni inayoiendesha mitambo. Kiasi cha msukumo hakipungui, ila kinasambazwa katika muda mrefu kidogo, na bega linauhisi kama kusukumwa, si kupigwa. Kwa mtu mwenye bega bovu ningeichagua hiyo bila kusita. Hasara zake: masizi ya kusafisha kila mara, baadhi ya bunduki hizi hugoma kufanya kazi kwa risasi hafifu sana, na watu waliosimama jirani hawawezi kuona kwa jicho moja kama ni tupu.

Hilo la mwisho ndilo linalozifanya bunduki za mitutu miwili iliyopandana kuwa chaguo la kawaida katika vilabu vya Uingereza. Ikiwa imekunjwa wazi mkononi, kila mtu anaona haina kitu. Mbunifu Mmarekani John Browning alikuwa akiishughulikia bunduki ya namna hiyo alipofariki Liège, Ubelgiji, mwaka 1926. Mwanawe Val akaiendeleza, na ikaingia sokoni mwaka 1931 kwa jina la Superposed. Nyingi zinazouzwa leo, ghali kwa rahisi, zinafuata wazo lile. Ukiangalia juu yake unaona mtutu mmoja tu, tofauti na ile ya mitutu iliyolala ubavu kwa ubavu, na kwa jicho geni huo ni msaada mkubwa.

Lakini uzito na aina vyote havitakusaidia kama kitako hakikukai. Bunduki ya marisau haina kionea cha nyuma. Jicho lako ndilo kionea hicho. Kishanga cha mbele, kilicho kwenye ncha ya mtutu, kipo kama sentimita 90 kutoka kwenye jicho. Shavu likikaa milimita 5 juu ya mahali pake, kwa sahani iliyo umbali wa mita 30 kosa hilo linakua hadi sentimita 16 au 17. Sahani yenyewe ina kipenyo cha sentimita 11.

Kipimo kinachotumiwa ni rahisi. Mkufunzi anahakikisha bunduki ni tupu, nawe unahakikisha tena. Unachagua kitu mbele yako, unafumba macho, unaiinua bunduki begani kama ulivyofundishwa, unalaza shavu, kisha unafungua macho. Unatakiwa uone kishanga kimekaa juu ya ukanda wa chuma ulio juu ya mtutu, na ukanda wenyewe uonekane kidogo sana. Ukiona sehemu ndefu ya ukanda, kitako kiko juu mno kwako, na utapiga juu. Ukiona nyuma tu ya bunduki, kiko chini. Urefu nao: vitako vya dukani vina kama sentimita 37 kutoka triga hadi mwisho, vimekatwa kwa mwanamume wa kimo cha wastani. Kikizidi urefu kinakwama kwenye nguo chini ya kwapa na kuishia kwenye msuli wa mkono, ambapo kinaumiza kweli; kikipungua, kidole gumba kinakupiga puani. Fundi anaweza kukikata au kukiongezea mpira. Gharama yake si kubwa ukilinganisha na kubadilisha bunduki.

Jicho lenye nguvu likaguliwe kabla ya hayo yote. Nyoosha kidole kuelekea kitu cha mbali macho yote mawili yakiwa wazi, kisha fumba moja moja. Kama kidole kinabaki mahali pake jicho la kushoto likiwa wazi, nawe unatumia bega la kulia, una kazi ya ziada: kubadilisha bega, au kubandika kipande cha utepe kwenye kioo cha miwani.

Suala la kubanwa kwa mdomo wa mtutu, yaani choki, sitalikalia sana. Anza na choki iliyo wazi, za kubana zitakuja baadaye.

Nchini Uingereza si lazima umiliki kitu ili ujue. Kumiliki kunahitaji cheti cha polisi, kinachodumu miaka 5, lakini klabu iliyoidhinishwa humruhusu asiye na cheti kutumia bunduki ya klabu kwenye uwanja na kwa muda uliokubaliwa. Tumia nafasi hiyo kujaribu kadhaa, kisha nunua iliyotumika. Ikague ukiwa na mtu anayezijua: itikise ikiwa imefungwa, bila risasi, usikie kama inalegalega, pitisha kidole nje ya mitutu utafute mbonyeo, tazama ndani dhidi ya mwanga. Halafu soma alama za upimaji, kama zile zinazogongwa na nyumba ya upimaji ya London au ya Birmingham, kwa kuwa ni kosa kisheria kuuza bunduki isiyokidhi kipimo hicho. Karibu na alama hizo huandikwa pia urefu wa chumba cha risasi. Bunduki nyingi za zamani zina milimita 65, risasi nyingi za sasa ni za milimita 70, na muuzaji asiyeweza kukuonyesha namba hiyo, mshukuru uondoke.