Kumtafutia kitochi mrithi

Nokia 1100 iliingia sokoni mwaka 2003 na ikauzwa zaidi ya milioni 250. Vijijini bado zipo, nyingine zimezungushiwa rababendi ili mfuniko wa nyuma usidondoke. Shangazi yangu wa Lushoto, muuza maziwa, alikuwa nayo ya namna hiyo, na alikuwa radhi kubadilisha ng'ombe kuliko kubadilisha simu.

Kabla ya kwenda dukani tulianza kwa fundi. Betri ya BL-5C haina shida kupatikana, kwa kuwa redio ndogo na spika za mkononi nyingi zinaitumia hiyohiyo. Shida ni kuijua iliyo nzima. Ilaze kwenye kioo cha kaunta uisukume kwa kidole: nzima itakwaruza na kusimama, iliyovimba itazunguka kama pia. Na lebo isikuhadae. Ya asili katika 1100 ilikuwa na mAh 850, Nokia wenyewe baadaye wakafika 1020 kwa umbo hilohilo, kwa hiyo anayekuuzia yenye 2500 anakuuzia karatasi. Betri mpya iliwekwa, simu ikawaka, ikazima. Kutu ilikuwa imeshakula bodi tangu siku ilipotumbukia kwenye ndoo ya maziwa.

Wazo la pili lilikuwa kununua 1100 nyingine iliyotumika. Sikulipenda. Nyingi zinazouzwa kama mpya ni maganda mapya juu ya bodi za kuokoteza, na namba ya IMEI huweza kuwa imechezewa. Tangu Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozifungia simu bandia, namba hiyo si pambo. Bonyeza *#06#, ilinganishe na iliyoandikwa chini ya betri, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090. Zikitofautiana, rudisha simu kaunta uondoke.

Ikabaki simu mpya ya vitufe, na hapo ndipo uchambuzi wenyewe ulipo, maana sifa zilizomfanya shangazi aipende ya zamani haziandikwi kwenye boksi.

Chukua kioo. Cha 1100 kina nukta 96 kwa 65, maandishi meusi, basi. Kioo hicho hutumia mwanga unaokiangukia, kwa hiyo jua likizidi kukiwakia ndivyo kinavyosomeka, na taa ya ndani ina kazi gizani tu. Kwa kuwa kuchora herufi nyeusi hakuli umeme wa maana, saa hubaki kwenye kioo usiku na mchana. Simu za vitufe za leo zina kioo cha rangi, ambacho bila taa ya nyuma hakionyeshi kitu. Ili betri isiishe, taa hiyo huzimwa baada ya sekunde chache, na saa inapotea nayo. Shangazi aliligundua hilo kabla sijamweleza: "Mwanangu, hii mpaka niibonyeze ndiyo iniambie saa ngapi?" Ndiyo, shangazi. Hakuna mpangilio wa kulirekebisha. Tulichoweza ni kuchagua yenye herufi kubwa kuliko zote, na kuisomea nje, juani, mwenye duka akiwa ametukodolea macho mlangoni.

Tochi ndiyo iliyokataa simu mbili. Kwenye 1100 unakandamiza kitufe cha C, inawaka. Kidole kinakijua hata mkono ukiwa umeshika ndoo. Mojawapo ya zile mbili ilitaka uingie kwenye menyu. Mtu anayekamua saa kumi na moja alfajiri hana muda wa menyu.

Upande wa mtandao sikuhangaika sana. Ya zamani ilitumia GSM ya 900 na 1800, nayo bado ipo. Hata Ujerumani, walipozima 3G mwaka 2021, waliibakiza 2G. Simu ya vitufe ya 4G ina faida kwa mtu wa mjini, lakini ili upige kupitia 4G lazima kampuni ya laini iitambue simu hiyo, la sivyo inashuka kwenye mtandao wa zamani.

Jambo moja simu mpya ilishinda bila ubishi. Piga *150*00# kwenye kioo cha nukta 65 kwenda chini, na menyu ya M-Pesa inabidi uiteremshe mstari kwa mstari huku muda wa kujibu ukikimbia. Kwenye kioo kipya ilionekana yote mara moja. Tuliichukua hiyo: laini mbili, betri ya kutoka yenye mAh 1000, tochi kwenye kitufe cha juu, na tundu la micro-USB, ambalo waya wake mjukuu yeyote anao. Pini nene ya chaja ya zamani ilishakuwa ya kusaka.

Kilichokula muda kuliko vyote ni majina. Yale ya kwenye laini yalihama na laini. Yaliyokuwa kwenye simu yenyewe tuliyahamishia kwenye laini, tukiiwasha ile ya zamani kwa dakika zake chache na kuomba isizime. Laini haibebi jina refu, hukata. Wateja wawili wakatoka wote wakiitwa "Mama Neema wa", na ilibidi shangazi ampigie mmoja, amwamkie, amuulize habari za watoto, ndipo ajue kama huyu ni wa msikitini au wa stendi.