Panya Mwenye Swichi Kifuani

Wasomaji wa riwaya za Elvis Musiba wanamjua Willy Gamba, mpelelezi mwepesi wa kunusa njama. Anayenusa kwelikweli analelewa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na shirika la APOPO: panya buku aliyevalishwa kizibao chekundu. Anafundishwa kutambua magamba ya kakakuona, meno ya tembo, pembe za faru na mbao za mpingo zilizofichwa kwenye shehena. Sisi wa Chitete, ambao njia yetu ya Zambia ni Tunduma penye foleni ya malori, kazi hiyo inatuhusu.

Mafunzo huanza mtoto wa panya akiwa na wiki nne au tano, macho yakiwa yamefunguka juzijuzi tu. Mwalimu humbeba na kumzoesha watu na kelele mpaka asishtuke. Kisha huja mlio. Mwalimu anabofya kidude mkononi, tik, na papo hapo anampa chakula. Anarudia, kesho tena, mpaka panya akisikia tik anajua ana chake.

Hapo ndipo harufu inaingia. Panya anatembea juu ya matundu yaliyopangwa kwa mstari, chini ya kila moja pana sampuli. Akiganda sekunde chache penye magamba, tik. Akiganda penye kingine, kimya. Ustadi wote wa mwalimu uko kwenye kidole gumba. Akibofya mapema, panya anajifunza kupita juujuu. Akichelewa kidogo tu, panya ameshainua kichwa, na kinacholipwa ni kule kuinua kichwa. Nakiheshimu sana kidole hicho.

Baadaye magamba yanachanganywa na vitu ambavyo wasafirishaji haramu huvitumia kuficha harufu: kahawa, sabuni ya unga, nyaya za umeme. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, panya waliweza kuzitofautisha harufu nne, yaani za magamba, meno ya tembo, pembe na mpingo, na vitu vingine 146, na baadhi walikumbuka harufu ambayo hawakuinusa kwa miezi kadhaa.

Kizibao huja mwishoni. Kifuani kuna swichi ndogo ya duara. Panya anaivuta kwa miguu ya mbele, nayo inalia. Kati ya makontena mwalimu hawezi kuona pua imeganda wapi, ila mlio anausikia.

Ugumu unabaki kwenye malipo: kazini mwalimu hajui mzigo uko wapi, atamlipa panya kwa lipi? Panya wenzake wanaonusa makohozi ya kifua kikuu wana utaratibu wao. Kati ya sampuli huchanganywa chache ambazo maabara imeshathibitisha zina vijidudu, na panya hulipwa kwa hizo tu. Sampuli 100 anazimaliza kwa dakika 20 hivi. Kwa nyingine anazozigandia halipwi papo hapo. Mwalimu anaziandika, na zinarudishwa chini ya hadubini.