Maagizo Yasiyomwona Msomaji

Tulipokuwa tukiwafunza walimu, kila andalio la somo tulilipima kwa swali moja: mwanafunzi atajuaje kwamba amefika? Swali hilo hilo nalitumia leo kupimia maandishi ambayo wengi hawayahesabu kuwa maandishi, yaani maagizo ya kurekebisha mafaili ya mipangilio katika michezo ya kompyuta. Wako vijana wanaoyasoma haya kwa makini kuliko vitabu vyao vya shule. Kwa hiyo yastahili kuhakikiwa.

Tuchukue mchezo wa Quake, uliotolewa na kampuni ya id Software ya Marekani mwaka 1996. Ulipotoka, ukisukuma kipanya mbele, mtu wa mchezoni alitembea, hakuinua macho. Aliyetaka kutazama juu na chini kwa kipanya ilimpasa kuandika amri fupi, +mlook, ndani ya faili. Agizo la kawaida huwa hivi: fungua faili la mipangilio, ongeza +mlook, hifadhi. Kwa ajuaye, latosha. Kwa asiyejua, lina mitego miwili.

Wa kwanza ni faili lenyewe. Katika folda ya id1 mna config.cfg, ambalo mchezo wenyewe huliandika upya unapofungwa. Amri iliyoongezwa humo hutii leo, kesho imetoweka. Mahali pake ni autoexec.cfg, faili ambalo mchezaji hulitengeneza mwenyewe, na mchezo hulisoma tu bila kuliandika upya. Mtego wa pili ni jina. Windows kwa kawaida huficha mwisho wa majina ya mafaili, na Notepad huweza kuongeza .txt kimyakimya. Mchezaji aona autoexec.cfg, kumbe ni autoexec.cfg.txt. Mchezo hauvunjiki, waendelea kana kwamba hakuandika kitu.

Hapo ndipo penye madhara. Mwanafunzi aliyefuata kila neno akakosa matokeo aghalabu hamlaumu mwandishi. Hujilaumu mwenyewe, akaamini kwamba mambo haya yana wenyewe. Mwenye macho haambiwi tazama, twasema, na mafundi wengi huegemea methali hiyo. Lakini huyu macho anayo. Alichokosa ni kuonyeshwa pa kutazama.

Wako watakaosema kwamba maelezo mengi huchosha. Ni kweli, na dawa si urefu. Agizo zuri lingesema: funga mchezo kwanza, ndani ya id1 tengeneza faili jipya liitwalo autoexec.cfg, hakikisha jina haliishii kwa.txt, andika +mlook peke yake, hifadhi, fungua mchezo, sukuma kipanya mbele. Mtu akiinua macho, umefaulu. Akitembea, faili halikusomwa: rudi ulitazame jina. Ukitaka kuacha, lifute faili hilo. Maneno yameongezeka kidogo tu, lakini sasa msomaji ana alama ya kufika na njia ya kurudi.

Namba nazo zadai uangalifu huo huo. Katika Minecraft ya kompyuta, faili la options.txt lina mstari wa fov, yaani upana wa kuona. Thamani 0.0 humo si sifuri. Ni nyuzi 70, na anayetaka nyuzi 90 huandika 0.5. Mwandishi anayesema "weka 90" amesema kweli kuhusu mchezo na uongo kuhusu faili. Angeeleza kipimo kwa sentensi moja, msomaji angejipatia mwenyewe hata nyuzi 80, bila kumngoja mtu.

Nadhani hiyo ndiyo tofauti kati ya kuamuru na kufundisha. Amri humfikisha mtu mahali pamoja, kwa siku moja. Sababu ikiambatana nayo, mtu huyo ataweza kufungua faili jingine, la mchezo mwingine, bila kutetemeka mkono. Maagizo yasiyompa msomaji uwezo huo, hata yawe sahihi kila herufi, mimi ningeyarudisha yakaandikwe upya.