Rangi Ni Zetu, Maneno Je?

Kila msee ninayemjua ameremba kompyuta yake. Mmoja ameweka flamingo wa Ziwa Nakuru kwenye skrini, mwingine amegeuza kila kitu kiwe cheusi, eti macho yapumzike. Tunasema hapo mashine imekuwa yako. Mimi naona tulipewa rangi tucheze nazo, tukasahau kuuliza maneno ni ya nani.

Hilo nilijifunza nikifanya kazi katika saiba moja Njoro, si mbali na Chuo Kikuu cha Egerton. Mzee mmoja, mkulima wa viazi, alikuwa akija kujaza fomu. Alizoea kunipa kila kitu: kitambulisho, namba ya simu, hata nywila, kwa sababu skrini ilikuwa ya Kizungu na herufi zake ndogo. Siku moja nikaingia kwenye mipangilio, nikakuza herufi, nikageuza kivinjari kiwe cha Kiswahili. Nikampisha kiti.

Alisoma polepole, kidole hewani. "Pakua" akaielewa mara moja. Maisha yake yote ni kupakia na kupakua magunia. "Ghairi" ikamchekesha: "Kwani inadhani nimebadilisha nia?" Lakini "Chapisha" ikamshinda. "Kijana wangu, mimi sichapishi gazeti. Nataka karatasi moja tu." Hata hivyo, nywila aliiandika mwenyewe. Mimi nikatazama pembeni.

Jioni mwenye saiba akaniambia nirudishe Kiingereza, wateja watachanganyikiwa. Nikarudisha. Mashine si yangu.

Sasa hebu tusome menyu jinsi tunavyosoma hadithi, neno kwa neno. "Tendua" ni neno tamu: tenda, tendua, kama vile funga, fungua. Halihitaji kamusi. "Chapisha" si kosa, ila linanukia kiwanda cha vitabu, na huku kwetu watu husema "printi". Mfasiri mzuri hujiuliza kwanza ni nani ameketi kwenye kile kiti.

Ndiyo maana bado naiheshimu Jambo OpenOffice, iliyotolewa Desemba 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Microsoft nayo ilitoa Kiswahili cha Windows XP, na si jambo dogo. Tofauti ni kwamba kwenye Windows unachagua lugha kama unavyochagua rangi, kutoka kwa orodha waliyokupangia wengine. Jambo ilikuwa programu huria. Neno likikukera, una ruhusa ya kuifungua programu yenyewe, ulitoe, uandike lako.

Utaniuliza, nani ana muda huo? Mzee wa viazi hana, kweli. Lakini Egerton kuna wanafunzi wa Kiswahili na kuna wanafunzi wa kompyuta, na wote hula chapati zilezile. Wakikaa meza moja wiki mbili, "printi" itapata nafasi yake.

Mzee alirudi wiki iliyofuata. Skrini ilikuwa ya Kiingereza tena, herufi ndogo. Hakuuliza kitu. Alivuta kiti, akakaa kando yangu, akaanza kunitajia nywila yake kwa sauti.