Chungu cha Siku Mbili

Mama anayejua kupika hapa Bunia hapiki chakula cha leo peke yake. Anapika cha leo na cha kesho katika chungu kimoja, na kinachobaki usiku hakikubaki kwa bahati. Alikipanga tangu mchana, alipokuwa akichagua mawe kwenye maharagi. Ufundi wa kiporo, ninaotaka kuusifu hapa, unaanza kabla kiporo chenyewe hakijakuwepo.

Chanzo chake ni makala. Sombe inatwangwa, halafu inachemshwa muda mrefu mpaka sumu ya majani ya muhogo itoke. Maharagi makavu nayo yanakula moto vilevile. Anayenunua makala kwa vifuko vidogo, leo kifuko kimoja, kesho akipata kingine, hawezi kuwasha mbabula kwa muda wa saa tatu kila siku kwa ajili ya mlo mmoja. Basi anachemsha ya siku mbili kwa moto mmoja, na kesho yake anahitaji moto wa kupasha tu. Ukiona familia inakula maharagi jana na leo, usiseme wamekosa la kupika. Huenda wamefanya hesabu nzuri kuliko wewe.

Tazama jinsi maharagi hayo yanavyotunzwa. Yanachemshwa matupu. Kitunguu na nyanya haviingii kwenye chungu kikubwa, kwa sababu mama anaamini mchuzi wenye nyanya unachacha upesi. Mama anachota ya jioni, anayakaanga pembeni kwa mafuta ya mawese, na yale mengine yanabaki na maji yake. Kabla ya kulala anayarudisha motoni mpaka yatokote kabisa, anafunika, anaepua, na tangu hapo hakuna ruhusa ya kufunua kifuniko hadi asubuhi. Kijiko kilichopita mdomoni hakiingii humo, hata kiwe cha baba mwenye nyumba. Hakuna aliyeandika sheria hizi ukutani, lakini mtoto wa miaka saba anazijua, maana alishachapwa kwa ajili yake. Watu wa pwani wanaopikia tui la nazi wana kazi ngumu zaidi: nazi haisubiri mapambazuko. Sisi wa mawese tuna nafuu kidogo, na mji wetu, ulio juu zaidi ya mita 1,200, unatupatia usiku wa baridi.

Sombe ni habari nyingine. Hiyo haitunzwi tu, inakomaa. Siku ya kwanza majani na mafuta bado hayajazoeana; siku ya pili yamekuwa kitu kimoja. Mpishi mwenye mkono anaongeza samaki wadogo wakavu wa Ziwa Albert, wale wanaopanda kutoka Kasenyi na Tchomia, pamoja na maji kidogo, na anaacha ichemke taratibu. Wapo wanaomwaga mawese mapya juu yake wakati wa kupasha. Mimi naona ni kuharibu. Mafuta ya jana yanatosha, na ladha yake imetulia.

Bugali uliolala unategemea unga wake. Ule wa muhogo mtupu unakuwa mgumu, hivyo unakatwa vipande, unatiwa kwenye maji yanayochemka, unapondwa kwa mwiko na kuongezewa konzi moja ya unga mpya mpaka ulainike tena. Ule uliochanganywa na mahindi una bahati nzuri zaidi: unakatwa, unalazwa juu ya makala mpaka ufanye ngozi ya kahawia, unaliwa na chai. Watoto wanagombania vipande vya pembeni. Na kama ulibaki mwingi mno, unavunjwavunjwa, unaanikwa, unakuwa chakula cha kuku.

Kwa wali sina wimbo wa kuimba. Wahenga waliosema akiba haiozi hawakuwa wakizungumzia wali. Ndani yake wanaishi bakteria wanaoitwa Bacillus cereus, ambao mbegu zao hazifi chungu kinapochemka. Wali ukikaa usiku kucha katika joto la nyumba, wanaweza kutoa sumu ambayo hata kupasha hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa 2. Kwa nyumba zetu nyingi, ambazo friji hazina au zinayo bila umeme, ushauri huo ni mgumu kuufuata kwa kila chungu. Kwa wali hauna mjadala: pikeni wa kutosha, mmalize usiku uleule. Hata maharagi yakitoa povu au harufu ya kuchacha, yamwagwe. Fundi wa kweli anajua pia kutupa, na anatupa bila kuwalisha watoto kwanza ili ajaribu bahati.

Mwaka 2024 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitangaza kwamba dunia ilipoteza tani bilioni 1.05 za chakula mwaka 2022, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Hesabu hiyo inajumlisha mpaka mifupa na maganda. Nilipoisoma niliwafikiria mbuzi wa mtaani kwetu, ambao ganda la ndizi haliwapiti.

Lakini kiporo kinahitaji kitu kimoja ambacho mkoa wetu wa Ituri hauna kwa uhakika: kesho. Mwezi wa tano mwaka 2003, mapigano yalipoingia mjini, maelfu ya watu walikimbilia uwanja wa ndege na kambi ya MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa. Chungu kilichopangwa kwa siku mbili hakibebeki kichwani wakati risasi zinalia. Leo, katika kambi ya Kigonze pembeni mwa mji, wamo watu waliokimbia vijiji vya Djugu. Mgao wa unga, maharagi, mafuta na chumvi unapofika, kinacholiwa jioni ni kidogo tayari. Kumwekea mtoto kijiko chake cha asubuhi ni kujinyima mbele ya macho yake. Hapo siwezi kusifu ufundi kwa furaha. Naweza kusema tu kwamba wanaoufanya bado wanapanga asubuhi.

Turudi kwenye nyumba zenye utulivu, ambako sisi wanaume tuna aibu yetu ndogo. Tunatangaza kwamba hatuli chakula cha jana, kisha mke anakikaanga na kitunguu, anakitia pilipili, tunakisifu kuwa kimepikwa vizuri leo. Mgeni naye hapewi kiporo. Anachinjiwa kuku, au angalau anakaangiwa mayai. Heshima hiyo inaishia kwenye vibanda vya mamama wanaouza chakula sokoni alfajiri. Pale wajenzi na waendesha pikipiki wanafika kabla jua halijatoka, wanaomba maharagi yaliyochemka tangu jana, na mwenye haraka kuliko wote bado ana muda wa kusema: nipe ya chini, yaliyo mazito.